Mwandishi wa ughaibuni: dhamiri ya jamii au msemaji wa ukumbi?

Na Mwandishi Wetu, Buffalo, New York

Kila mwaka ifikapo mwezi Agosti, Wakongomani wa Kivu Kusini waishio Marekani hukaa matanga mara mbili. Tarehe 13 Agosti Banyamulenge huwakumbuka ndugu zao waliouawa usiku mmoja wa mwaka 2004 katika kambi ya wakimbizi ya Gatumba, nchini Burundi, karibu kabisa na mpaka wa Kongo. Watu zaidi ya 150, wengi wao wanawake na watoto, walipigwa risasi na kuchomwa moto ndani ya mahema yao. Siku kumi na moja baadaye, tarehe 24 Agosti, watu wa Mwenga na majirani zao huwakumbuka waliouawa Kasika mwaka 1998, mwanzoni mwa vita vya RCD, akiwemo Mwami wao na watu wa kanisa. Ripoti ya Umoja wa Mataifa iliyotolewa Oktoba 2010 ilisema waliokufa Kasika na vijiji vya jirani walizidi 1,000.

Sisi tunaalikwa matanga yote mawili, kwa sababu ya kalamu na kamera. Mara nyingine ukumbi ni ule ule wa kanisa, viti vile vile vya kukunja, na hata chai huchemshwa katika birika lile lile. Wanaokaa kwenye viti ndio huwa wengine. Katika miaka yote tuliyohudhuria, tumeona watu wachache sana, wa kuhesabika kwa vidole vya mkono mmoja, waliofika siku zote mbili.

Tunaandika makala haya tukiwa Buffalo, baada ya safari ya gari kutoka Louisville, Kentucky, kupitia Columbus, Ohio. Tulitoka kwenda kuandika habari za kawaida: nani kafungua duka, vijana wangapi wamemaliza chuo, hali za familia zilizokuwa zikisubiri ndugu zao kutoka Nyarugusu na Nakivale pale serikali ya Marekani iliposimamisha upokeaji wa wakimbizi mwezi Januari 2025. Lakini tulipofika Columbus tulikutana na swali ambalo tumeshindwa kuliweka kando, na tumeona si haki kulijibu faraghani tu.

Inabidi turudi nyuma kidogo. Mwezi Machi 2025 tulihudhuria harambee mjini Louisville. Goma ilikuwa imeingiwa na M23 mwishoni mwa Januari, Bukavu katikati ya Februari, na watu walikuwa wakikimbilia Burundi kwa kuvuka mto Ruzizi. Hapana Mkongomani wa Louisville ambaye hakuwa na simu ya usiku wa manane. Watu walikuja wakitoka kazini, wengine bado wamevaa fulana za ghala. Walichanga kwa moyo. Kina mama waliuza sambusa, mchungaji akaomba, vijana wakaimba. Kisha akasimama mzee mmoja anayeheshimika sana katika mji ule, mtu aliyetusaidia sisi wenyewe tulipofika nchi hii, akazungumza juu ya vita. Aliilaani serikali ya Kigali, na hilo ni haki yake. Baraza la Usalama lenyewe, katika azimio namba 2773 la tarehe 21 Februari 2025, lililitaka jeshi la Rwanda liache kuisaidia M23 na liondoke Kongo. Lakini mzee hakuishia kwa serikali wala kwa jeshi. Aliendelea mpaka kwa majirani. Alisema kwamba nyoka, hata akizaliwa ndani ya nyumba yako, hubaki kuwa nyoka. Kila mtu ukumbini alielewa ni akina nani waliotajwa. Watu wakacheka, wakapiga makofi.

Nasi tulikuwapo. Tulirudi nyumbani tukaandika habari ndefu yenye picha nne. Tulitaja fedha zilizopatikana, tukamsifu mchungaji, tukazisifu sambusa. Neno la nyoka hatukuliandika. Tulijiambia kwamba ni hasira za msiba, kwamba mzee hakuwa na nia mbaya, kwamba habari kubwa ya siku ile ilikuwa mchango. Mwandishi hakosi sababu anapotafuta sababu.

Na ili isionekane kwamba tunamwelemea mmoja: katika kumbukumbu moja ya Gatumba miaka michache iliyopita, kijana mmoja alisimama akasema makabila yale mengine yote, tangu mtoto aliye tumboni, ni wauaji. Huyo naye alipigiwa makofi. Na hilo nalo hatukuliandika.

Sisi waandishi tunapenda sana kuitwa dhamiri ya jamii. Ni jina tamu. Tukikutana kwenye semina hutajiana majina ya wakubwa waliotutangulia. Tunamtaja Abdilatif Abdalla wa Mombasa, ambaye mwaka 1968, akiwa kijana wa miaka 22, aliandika karatasi iliyouliza Kenya inakwenda wapi, akahukumiwa kifungo cha miaka mitatu, na huko gerezani akatunga mashairi juu ya karatasi za chooni. Mashairi hayo yalitoka mwaka 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki, na mwaka uliofuata yakapewa tuzo iliyobeba jina la Rais Jomo Kenyatta, yule yule ambaye serikali yake ndiyo iliyomfunga. Abdilatif mwenyewe alikuwa ameshahamia Dar es Salaam. Tunamtaja Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyewekwa kizuizini mwisho wa mwaka 1977 kwa tamthilia iliyochezwa na wakulima wa Kamĩrĩĩthũ, akaishi uhamishoni zaidi ya nusu ya maisha yake ya utu uzima, na akafariki huku huku Marekani, katika jimbo la Georgia, mwezi Mei 2025.

Tukishawataja, tunajiweka mwisho wa orodha. Lakini wale waliandika juu ya mwenye nguvu aliyekuwa karibu nao, aliyekuwa na funguo za gereza. Sisi tunamwandika rais aliye ng'ambo ya bahari. Tunaweza kumwita mwizi asubuhi na jioni, na kesho yake tutakwenda kazini bila bughudha. Rais wa Kinshasa hatutakutana naye Kroger tukichagua nyanya. Yule mzee wa Louisville tunakutana naye.

Hatusemi kwamba kumkosoa mkubwa wa mbali hakuna maana, la hasha. Wenzetu walio nyumbani hulipa kwa damu kwa yale tunayoyasema sisi bure. Tulikuwa Bukavu usiku wa tarehe 13 Juni 2007 Serge Maheshe wa Radio Okapi alipopigwa risasi barabarani. Alikuwa na miaka 31. Mwaka uliofuata, mwezi Novemba, mwenzake wa redio hiyo hiyo, Didace Namujimbo, naye aliuawa kwa risasi karibu na nyumbani kwake. Mji mzima ulizika mara mbili, na baada ya hapo baadhi yetu tukaanza kutafuta njia ya kutoka. Hofu ya Bukavu tunaijua. Ilikuwa hofu ya hatua nyuma yako gizani.

Hofu ya huku ni nyingine na hatukuitegemea. Hapa hakuna wa kukupiga risasi kwa sababu ya makala. Ila mwandishi wa habari mkimbizi ni mtu anayeendesha teksi au anayefanya zamu ya usiku, na kinachomfanya awe mtu ni ule ukumbi. Ndiko alikosaidiwa kupata chumba cha kwanza, ndiko mke wake alikofanyiwa sherehe ya mtoto, na, tuseme wazi, akifa ndiko watakakochangia jeneza. Gharama ya mazishi Marekani kila mhamiaji anaijua, na bima ya wengi wetu ni daftari la michango. Ukimwandika mzee vibaya, hakuna atakayekufunga. Utakuta tu kwamba simu hazilii.

Basi tukafika Columbus. Ni mji ambao Wasomali wameufanya makao yao ya pili kwa ukubwa Marekani baada ya Minneapolis. Ukipita Cleveland Avenue utaona maduka ya vitambaa, hawala na migahawa ya wali na mbuzi, na Kiswahili utakisikia kwa waliopitia Dadaab, Mombasa na Nairobi. Wakongomani nao wapo, wengi katika maghala. Tulikaribishwa chai kwa mama mmoja, Munyamulenge aliyekulia Bukavu, mtaa wa Kadutu, katikati ya Washi. Tulizungumza kwanza juu ya watoto wake. Kisha, akiwa anatumiminia chai ya pili, akasema hivi, bila kupaza sauti:

"Ndugu mwandishi, mwezi wa tatu nilikuwa Louisville kwa dada yangu. Nilikuja kwenye ule mchango wenu. Nilileta dola hamsini, maana majirani zangu wa Kadutu walikuwa njiani na watoto. Nilikaa nyuma. Ulipoandika, niliisoma yote. Umeandika hata sambusa. Mbona hukuandika nilichosikia?"

Tulimweleza zile sababu zetu. Alizisikiliza zote, akasema, "Sawa," akatuongezea sukari. Mtu aliyekulia kwetu anajua maana ya "sawa" ya namna ile.

Kilomita kama 70 magharibi ya Columbus uko mji mdogo wa Springfield. Mwezi Septemba 2024 ulivuma uvumi kwamba Wahaiti waliohamia pale wanaiba paka na mbwa za watu na kuzila. Viongozi wa mji walisema hawana taarifa yoyote ya kuaminika ya jambo hilo, lakini tarehe 10 Septemba lilisemwa katika mdahalo wa wagombea urais mbele ya mamilioni ya watazamaji, na siku zilizofuata shule na ofisi za mji zikafungwa kwa vitisho vya mabomu. Waandishi wa The Haitian Times, gazeti la Wahaiti lenye makao New York, waliofuatilia habari ile nao walitishiwa. Sisi tuliandika juu ya Springfield mara tatu, kwa ukali. Tulisema kwamba anayemfananisha mwanadamu na kitu kisicho mwanadamu anamtayarishia kaburi. Mama wa Columbus alikuwa amezisoma hizo tatu pia. Hakuzitaja. Tulizikumbuka wenyewe tukiwa barabarani, na ilikuwa safari ndefu.

Katika mji huo huo wa Columbus, kwenye Chuo Kikuu cha Ohio State, alifundisha kwa miaka mingi Alamin Mazrui wa Mombasa, kabla ya kuhamia Rutgers. Mwaka 1981 alichapisha tamthilia ya Kilio cha Haki, juu ya wafanyakazi wa shamba na mama anayewaongoza. Mwaka 1982 serikali ya Kenya ilimtia kizuizini bila kumfikisha mahakamani, na mashairi ya kizuizini yalitoka baadaye katika Chembe cha Moyo. Tunamtaja kwa sababu moja. Ukiisoma tamthilia ile utaona kwamba mwandishi hakumkabili mwenye shamba peke yake. Anawatazama pia wafanyakazi wenyewe, wanaume wasiopenda kuongozwa na mwanamke, na hawafichi. Angeweza kuwafanya malaika ili mwenye shamba aonekane shetani zaidi, na wengi wetu tungefanya hivyo.

Tujiulize basi: neno moja ukumbini lina uzito gani? Wapo watakaosema tunakuza mambo, kwamba watu wa kwetu husema kwa mafumbo na maneno hupita na upepo. Tungependa iwe hivyo. Lakini sisi wa Maziwa Makuu ndio watu wa mwisho duniani wenye ruhusa ya kusema hivyo. Mwezi Aprili 1995 bunge la mpito la Zaire lilipitisha azimio la kuwahesabu Banyamulenge kama wageni wa kurudishwa walikotoka. Yalikuwa maneno juu ya karatasi. Mwaka uliofuata vita vikaanza katika milima ile ile, vikaivuka nchi nzima, na watu wa makabila yote wamekuwa wakizika tangu hapo.

Na kuna Arusha. Tarehe 3 Desemba 2003 mahakama ya kimataifa iliyokaa katika mji huo wa Tanzania iliwatia hatiani watu watatu wa vyombo vya habari vya Rwanda: Ferdinand Nahimana na Jean-Bosco Barayagwiza kwa ajili ya redio RTLM, na Hassan Ngeze, mhariri wa gazeti la Kangura. Rufaa iliamuliwa Novemba 2007, baadhi ya makosa yakafutwa, na vifungo vikapunguzwa kuwa miaka 30, 32 na 35. Nahimana hakuwa mhuni wa mtaani. Alikuwa mwalimu wa historia wa chuo kikuu. Yeye na wenzake wangekubali bila shida kuitwa dhamiri ya jamii yao, na jamii hiyo, kwa wakati ule, ingewapigia makofi. Hata mwanamuziki, Simon Bikindi, alihukumiwa na mahakama hiyo hiyo miaka 15 mwezi Desemba 2008, kwa yale aliyoyasema kwa kipaza sauti juu ya gari barabarani.

Mzee wa Louisville si Nahimana, na yeyote atakayesoma makala haya kwa namna hiyo atakuwa ametuonea sisi na yeye. Ni mtu aliyepoteza ndugu, mwenye haki ya kulia. Tunachosema ni kwamba neno lile hatukulisikia kwake kwanza. Tunajua lilikotoka, tunajua limeshafanya kazi gani, na mwandishi aliyesikia akanyamaza amelipa kibali cha kupita.

Kutoka Columbus mpaka Buffalo ni mwendo wa saa tano, unapanda hadi Cleveland kisha unaandamana na Ziwa Erie. Huku wenzetu wengi wako upande wa magharibi wa mji, karibu na Grant Street, wakichanganyika na Waburma, Wasomali na Waburundi. Lakini kijana aliyetupokea alitupeleka kwanza upande wa mashariki, Jefferson Avenue, kwenye duka la vyakula la Tops. Tarehe 14 Mei 2022, Jumamosi mchana, kijana mzungu wa miaka 18 aliendesha gari zaidi ya kilomita 300 kuja mtaa huo kwa sababu aliujua kuwa ni wa watu weusi. Aliwaua kumi. Mmoja wao alikuwa mlinzi wa duka, Aaron Salter, polisi mstaafu, aliyejaribu kumzuia kwa bastola. Muuaji alikiri makosa na mwezi Februari 2023 akahukumiwa kifungo cha maisha.

Kijana huyo alikuwa ameandika kurasa nyingi kabla ya kuja. Hoja yake ilikuwa kwamba watu weusi na wahamiaji wanaletwa kuchukua nafasi ya wenye nchi, kwamba wanazaana ili wawamalize. Hakuibuni yeye. Aliikuta imeandikwa na watu wazima, wengine wenye elimu. Mwenyeji wetu alitusimulia kwamba siku ile alipoisikia hoja hiyo kwenye televisheni, kabla hajaogopa, alishangaa jinsi anavyoifahamu. Aliikulia. Alikwishaisikia Uvira, kwa Kiswahili, juu ya watu wengine: walikuja, si wa hapa, wanataka nchi. "Na sisi nyumbani tuliicheka tu kama utani," alisema.

Usiku ule tukiwa Buffalo tulimpigia simu mzee wa Louisville. Tulimweleza kwamba tunaandika, na kwamba hatutamtaja jina. Alikasirika, na ni lazima tuieleze hoja yake kama alivyoitoa, kwa maana si hoja ya kijinga. Alisema: mlango wa wakimbizi umefungwa, watu wetu wako kambini, Wamarekani siku hizi wanatafuta sababu ya kutukataa, na wewe unakwenda kuwaandikia kwamba Wakongomani wanachukiana. Usidhani Kiswahili kitakuficha, alisema, siku hizi simu inatafsiri yenyewe. Aibu ya nyumba haitangazwi wakati wa mvua. Akamaliza kwa kutuuliza ni nani aliyetupa kazi ya kuwahukumu watu.

Kwa hilo la tafsiri tunakiri hatukuwa na jibu la haraka. Lakini hoja yenyewe ni ya zamani kuliko mzee na kuliko sisi, na kwa bahati ilishawahi kujadiliwa katika njia hii hii tuliyopita.

Mto Ohio unaopita Louisville ulikuwa zamani mpaka wa utumwa. Kentucky, kusini yake, mtu aliuzwa. Ng'ambo yake mtu angeweza kukimbia kuelekea maziwa na Kanada. William Wells Brown, mzaliwa wa Kentucky, alitoroka mwaka 1834 kupitia Ohio, baadaye akaishi hapa Buffalo akifanya kazi kwenye meli za Ziwa Erie na kuwavusha watoro wenzake, na mwisho akawa mwandishi wa vitabu. Henry Bibb, naye wa Kentucky, alitoroka mara kadhaa na kukamatwa tena. Sheria ya mwaka 1850 ya kuwarudisha watoro ilipotoka alihamia Kanada, na tarehe 1 Januari 1851 akaanzisha gazeti kule Sandwich, ng'ambo ya Detroit. Aliliita Voice of the Fugitive, yaani Sauti ya Mtoro. Likawa gazeti la wakimbizi, linaloandikwa na mkimbizi, nje ya nchi yake. Nasi tuna babu katika kazi hii, na tulikuwa hatujamfikiria.

Ila sehemu inayotuhusu zaidi ni ile ya Mary Ann Shadd. Alikuwa mwalimu, mwanamke mweusi aliyezaliwa huru Delaware, aliyehamia upande ule ule wa Kanada mwaka 1851. Bibb na wenzake walikuwa na chama kilichokusanya fedha kwa Wamarekani wapinga utumwa ili kuwanunulia watoro ardhi. Shadd alianza kusema hadharani kwamba fedha zinazoombwa kwa jina la watoro haziwafikii watoro kama inavyodaiwa, kwamba mawakala wanakata sehemu yao, na kwamba kuwatembeza watu kama ombaomba kunawavunjia heshima. Vile vile alipinga shule za kuwatenga weusi peke yao, jambo ambalo baadhi ya weusi wenzake walilikubali.

Alijibiwa kama tulivyojibiwa sisi kwa simu. Aliambiwa anawapa wenye watumwa silaha, anawafukuza wafadhili, anafunua nyumba. Gazeti la Bibb lilimshambulia, naye hakuwa na gazeti la kujibia. Mwaka 1853 msaada aliokuwa akipewa kwa ajili ya shule yake ulikatwa. Mwezi Machi mwaka huo huo alitoa toleo la kwanza la gazeti lake, Provincial Freeman, na kwa kuwa alijua wasomaji hawatakubali mhariri mwanamke, aliweka jina la mwanamume mbele. Mwaka uliofuata gazeti lilianza kutoka kwa mfululizo, kwanza Toronto kisha Chatham. Bibb aliunguziwa kiwanda cha uchapaji Oktoba 1853 na akafariki Agosti 1854, akiwa bado kijana. Hatumwoni kuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu jasiri aliyezoea kuwaandika wenye watumwa, na akashindwa kuvumilia alipoandikwa yeye.

Kilichotugusa ni kwamba wenye watumwa hawakushinda kwa sababu ya magomvi ya magazeti mawili ya wakimbizi. Walishindwa. Na watoro wa Kanada walikuwa na mahali pa kusoma kwamba fedha zao zinahojiwa na mtu wa kwao. Kama Shadd angenyamaza mpaka mvua iishe, angesubiri miaka kumi na miwili.

Kuhusu swali la mzee, la nani aliyetupa kazi ya kuwahukumu watu, jibu ni kwamba hakuna, na hatuitaki. Tulipewa kazi ndogo zaidi, ya kuandika kilichosemwa. Aliyekuwa nyuma ya ukumbi na aliyekuwa mbele wote walikuwa wasomaji wetu. Tulimwandikia mmoja.

Kwa hiyo tunairekebisha habari yetu ya Machi 2025 yenye picha nne. Habari hiyo ilisema kwamba harambee ya Louisville ilifanyika "kwa umoja na upendo." Ilipaswa pia kusema kwamba mmoja wa wasemaji wakuu aliwafananisha Wakongomani wa kabila jingine na nyoka, kwamba sehemu kubwa ya ukumbi ilicheka na kupiga makofi, kwamba hakuna aliyepinga, mwandishi akiwemo, na kwamba miongoni mwa waliochangia siku ile alikuwapo mtu wa kabila hilo, aliyetoa dola 50. Katika habari yetu ya kumbukumbu ya Gatumba tuliyoitaja hapo juu, iliyosema kwamba vijana walitoa "hotuba za kutia moyo," ilipaswa kusemwa kwamba mmoja wao aliwaita watu wa makabila mengine wauaji tangu tumboni, naye pia hakupingwa. Habari zote mbili tumezifanyia marekebisho haya mahali zilipo.

Mzee tumemwahidi nafasi ya kujibu, kwa urefu ule ule wa makala haya na bila kumkata neno. Amesema atafikiri. Jibu lake likifika tutalichapa, na mama wa Columbus tutamtumia nakala.